Mizani Nyuma ya Pazia

Hotuba kwa askari wastaafu, wajane na familia zao, Bombo, Uganda

Shikamooni wazee wangu. Assalamu alaykum. Wa rika langu, hamjambo. Afande mwenyekiti, asante kwa nafasi hii. Umenipa nusu saa, na nusu saa ya muuguzi mnaijua.

Kabla sijasema neno la maana, naomba kitu kimoja. Kila aliyeketi akunje mikono kifuani kama anayemkumbatia mtoto. Haya. Sasa simameni bila kushika kiti na bila kumshika jirani.

Ketini, asanteni. Nimesikia "yalla" mbili tatu, nimesikia "Mungu wangu" nyingi, na huko nyuma kuna goti limelia kama mlango wa ghala. Wengine hamkuinuka kabisa, nimewaona, na sitawataja. Miaka mitatu iliyopita mimi mwenyewe nisingeinuka.

Mnaniita Sista. Wengine wenu humu nimewafunga majeraha, na wengine nimewadunga sindano mkapiga kelele kuliko watoto wenu. Nilipostaafu nilikuwa na kilo 104. Goti la kulia lilikuwa likiniamsha kabla ya adhana ya alfajiri, na nikiinama kuinua mtungi wa maji mgongo unanishika, nabaki nimepinda hivyo hivyo mpaka mjukuu aje. Hayo hayakuwa maumivu ya wiki moja. Madaktari huyaita maumivu sugu yanapozidi miezi mitatu, na yangu yalikuwa yamefika mwaka wa nne. Nikaenda kwenye kliniki moja. Daktari, kijana tu, aliniangalia kutoka kwenye meza yake. Hakuinuka, hakuligusa goti. Akasema, "Mama, punguza mwili." Akaandika dawa, akamwita anayefuata.

Nilitoka pale na hasira, tena hasira mbili. Ya kwanza, hakunigusa. Ya pili, na hii ndiyo iliyoniuma zaidi, alichosema hakikuwa uongo. Nimekuja kuzungumza juu ya hizo hasira mbili kwa sababu najua wengi humu mnazo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema. Kijana yule aliona usufi. Mimi nilikuwa nabeba jiwe.

Nianze na pale alipokuwa na haki. Goti halibebi kama mguu wa meza. Meza ukiiwekea kilo kumi, miguu yake inabeba kilo kumi, basi. Goti linapotembea hukazwa na misuli ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo hubanwa kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wenyewe mara mbili, mara tatu, na kwenye ngazi hata zaidi. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watu 142 wenye uzito mkubwa na magoti yaliyolika. Waliona kwamba kila kilo moja mtu aliyoipunguza ililipunguzia goti lake kama kilo nne, katika kila hatua. Mimi nimepunguza kilo 13. Pigeni hesabu. Ni 52, mfuko mzima wa saruji na kidogo juu yake, umeshuka kutoka kwenye goti langu kila ninapokanyaga. Na kutoka kwangu hadi sokoni sikanyagi mara moja.

Kama ingekuwa habari ya mzigo tu, tungemaliza mapema. Lakini niambieni: mikono inabeba mwili? Hatutembei kwa viganja. Hata hivyo watu wenye uzito uliozidi hupatwa zaidi na ugonjwa wa kulika viungo vya vidole vya mkono. Jambo hilo liliwasumbua wataalamu, mpaka wakayatazama mafuta ya mwili kwa jicho jingine. Mafuta yale ya tumboni, hasa yanayozunguka matumbo ndani, hayakai kimya kama samli kwenye kopo. Yanafanya kazi. Yanatoa kemikali zinazoingia kwenye damu na kuuchochea mwili uwake na kuvimba kwa ndani, pole pole, mchana na usiku, moto mdogo wa makaa usioonekana moshi. Gegedu, ile tishu telezi lakini imara inayofunika ncha za mifupa, haipendi moto huo. Mishipa ya fahamu nayo huwa myepesi kushtuka, hivyo kitu kilichokuwa kinakugusa tu sasa kinakuuma.

Na kuna njia ya tatu, ya sukari. Uzito ukizidi, kisukari hukaribia, na kisukari kikikaa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Wale mnaolala miguu nje ya blanketi kwa sababu nyayo zinawaka, najua mpo. Hiyo si baridi yabisi, na hakuna anayekutembelea usiku. Kapimeni sukari.

Kuna uchunguzi mmoja mkubwa uliochapishwa 2012, wa Wamarekani zaidi ya milioni moja waliohojiwa kwa simu. Ukiwalinganisha na watu wa uzito wa chini ndani ya kiwango cha kawaida, waliozidi kidogo walitaja maumivu kwa asilimia 20 zaidi. Wanene wa daraja la kwanza, asilimia 68 zaidi. Daraja la pili, 136. Wa juu kabisa, 254. Namba hizo zinapanda kama ngazi. Lakini msizisome kama kijana yule wa kliniki angezisoma. Zinaonyesha kwamba uzito na maumivu hukaa nyumba moja. Hazisemi nani alihamia kwanza.

Maana mara nyingi maumivu ndiyo yaliyohamia kwanza. Nimeliona hili katika jeshi kwa macho yangu. Mtu ana risasi ya zamani kwenye nyonga, au mgongo ulioumia akiruka kutoka kwenye lori. Akiwa kazini alikula posho, yaani ugali, na maharage, na akakimbia. Akastaafu. Posho ilibaki, mbio zikaondoka. Kila akijaribu kutembea nyonga inamkumbusha, basi anakaa chini ya mwembe. Misuli ya paja inanywea, na misuli ya paja ndiyo inayolishika goti, kwa hiyo sasa goti nalo linaanza. Usiku halali vizuri. Anayepata usingizi wa saa nne tu huamka na njaa ya ajabu, na njaa hiyo haidai sukuma wiki. Inadai chapati na chai ya vijiko vinne. Tena asiyelala, maumivu yale yale humuuma zaidi. Huzuni inaingia. Wengine wanaikimbilia waragi ili mwili ufe ganzi, na waragi nayo ni chakula tosha, gramu moja ya pombe ina kalori saba, karibu mara mbili ya gramu ya sukari. Ninyi mnaoswali mnisamehe, sisemi nyote. Nasema nusu yenu.

Mtu huyo akifika kwa daktari na kilo 110, anaambiwa mvivu.

Na hapo niseme jambo ambalo linanifurahisha kila nikilisoma. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa nchi 168 kuhusu watu wasiotumia miili yao vya kutosha. Uganda ilikuwa na wachache kuliko wote, asilimia 5.5 tu. Sisi! Wengine walishangaa, eti Waganda wana jimu gani. Jimu yetu ni jembe, ni mtungi, ni kwenda shule kwa miguu. Hatukunenepa kwa uvivu wa kuzaliwa. Ila angalieni nani anaongezeka uzito. Uchunguzi wa kitaifa wa 2016 ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya wanne wa umri wa kuzaa ana uzito uliozidi, na wanaume hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Mjini ni zaidi kuliko kijijini. Mama anaketi kwenye kibanda tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, anauza nyanya, chakula chake cha mchana ni rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, na soda kwa sababu ndicho kinachofika hapo alipo. Soda ya kawaida ya mililita 300 ina gramu 30 za sukari au kupita, vijiko saba vya chai au vinane. Akitaka kurudi nyumbani, boda iko miguuni pake. Huyo hajafanya dhambi. Mji ndio uliobadilika chini yake.

Sasa nirudi kwenye hasira ya kwanza. Kutoguswa.

Wanene tunasikilizwa nusu. Ukisema goti, jibu ni uzito. Ukisema mgongo, uzito. Ukisema kichwa, uzito. Namkumbuka mzee mmoja, mwili mkubwa kama kabati, aliyezunguka na maumivu ya mgongo miezi minane akiambiwa kila mahali apunguze chakula. Alipunguza. Au alidhani anapunguza, maana kilo zilishuka haraka na watu wakamsifu. Ilikuwa ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kilo zilikuwa zinaliwa na ugonjwa.

Kwa hiyo nawaomba mliandike hili hata kwenye kiganja. Maumivu yanayokuamsha usiku na hayabadiliki ukijigeuza, homa za jioni na jasho la kulowesha shuka, uzito unaoshuka bila wewe kuushusha, mguu unaolegea, ganzi ya sehemu za siri, mkojo au choo kinachokataa au kinachotoka chenyewe: hayo hayasubiri upungue mwili. Hayo ni ya leo. Nchi hii ina kifua kikuu, ina homa ya kutupa mimba inayotoka kwenye maziwa yasiyochemshwa na kukaa viungoni, ina selimundu, ina saratani ya tezi dume na ya titi zinazopenda kuhamia mifupani. Mnene anaugua yote hayo kama mwembamba. Daktari asipokugusa, mwambie kwa adabu: "Daktari, naomba uniguse hapa panapouma." Mimi siku hizi nasema hivyo hivyo. Wanatabasamu, lakini wanainuka.

Kuna jambo linalonishangaza katika nchi yetu. Uganda iliwafundisha wengi duniani habari ya maumivu. Tangu mwaka 1993, alipofika Dakta Anne Merriman na kuanzisha Hospice Africa Uganda, wagonjwa wa saratani walipewa mofini ya kunywa nyumbani kwao, na 2004 tukawa nchi ya kwanza kuwaruhusu kisheria wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe. Wauguzi! Mimi nilitembea kifua mbele mwaka ule. Dawa hiyo si ya goti, msinielewe vibaya. Nasema tu kwamba nchi iliyojua kuheshimu maumivu ya anayekufa bado inacheka maumivu ya anayeishi miaka ishirini na mgongo.

Na asiyesikilizwa huenda dukani.

Hapa nitakaa kidogo. Mnazijua zile bahasha ndogo za khaki, vidonge vitatu vya rangi tofauti, "asubuhi na jioni, mama, utanishukuru". Ndani mara nyingi mna diklofenaki ya maumivu, na si ajabu mkawa na deksa, yaani deksamethasoni, au ndugu yake prednisoloni, dawa za steroidi. Siku ya pili goti limetulia, unacheza. Unarudi kununua. Deksa na ndugu zake ni dawa kubwa, zimeokoa watu wengi zikiwa mikononi mwa anayezijua. Zikinywewa miezi na mtu asiyepimwa, huongeza hamu ya kula, hujaza uso ukawa mviringo kama mwezi, hurundika mafuta tumboni na shingoni nyuma, hupandisha sukari na hulainisha mifupa. Yaani unakunywa dawa ya maumivu, inakupa uzito, uzito unakupa maumivu, unarudi kwenye bahasha. Na wasichana wengine, nasikia, wanazinywa makusudi ili wapate mwili. Tena ukishazizoea usiziache ghafla, mwili unaweza kuanguka. Nenda kituo cha afya useme ukweli, wakushushe taratibu. Diklofenaki nayo ikinywewa kila siku huweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo. Kuna hata dawa halali za hospitali, amitriptilini na pregabalini, zinazotuliza mishipa vizuri kabisa lakini huweza kuongeza kilo. Usizitupe. Uliza tu kama ipo njia nyingine.

Sasa nataka kusema kile ambacho vitabu vya Ulaya havina. Nacho ni kwamba sisi tunaogopa kupungua.

Msicheke. Mimi nilipofika kilo 95, jirani alikuja jioni, akakaa, akanywa chai yote, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, uko salama?" Nilijua anauliza nini. Sote tunajua. Wenye umri wangu tulikuwepo miaka ya themanini UKIMWI ulipotokea upande wa Rakai, watu wakakauka mpaka wakabaki ngozi, na jina tuliloupa lilikuwa "slim". Wembamba wenyewe ndio uliokuwa jina la kifo. Na jeshi liliguswa mapema. Mwaka 1986 kundi la askari wetu 60 walipelekwa Kuba kwa mafunzo, wakapimwa, 18 wakakutwa na virusi, na Fidel Castro akamwambia Rais wetu mwenyewe walipokutana Harare. Baadhi yenu mliwazika wenzenu wa miaka ile. Mtu aliyezika marafiki waliokonda, unamwambiaje akonde?

Mwili mnono ukawa cheti. Mke akinona, mume anamtunza. Mzee mwenye kitambi, pensheni inafika. Nimewaona wanawake wenye magoti yanayolia ambao wangependa kupungua, lakini wanaogopa mdomo wa mtaa kuliko ngazi. Na wanaume wanaoamuru wake zao wasipungue, "usije ukaniaibisha." Nawaambia wanaume hao: goti la mkeo halibebi heshima yako. Likivunjika utalibeba wewe.

Na dunia inageuka kwa namna ya ajabu. Tangu 2018 wengi wanaoishi na virusi nchini wanapewa dolutegraviri. Ni dawa njema, inashusha virusi haraka. Lakini imeonekana, katika utafiti wa Johannesburg uliotoka 2019 na mwingine wa Kameruni, kwamba wengi huongezeka uzito wakiinywa, na wanawake zaidi. Kwa hiyo leo anayeishi na virusi aweza kuwa na kilo 100 na magoti mabovu, na mwembamba jirani yake hana kitu. Jicho la mtaa limepitwa na wakati. Wewe unayekunywa dawa hiyo, usiiache hata siku moja kwa sababu ya kilo. Sema kwenye kliniki yako, uzito unashughulikiwa kando.

Tufanye nini basi? Kwanza nawaambia nilikokosea. Nilianza kwa njaa. Nilikunywa chai kavu siku nne, ya tano nikala chapati sita, na goti likaniuma kama zamani. Nilikuwa nimepanga vibaya: nilidhani nipungue ndipo maumivu yapoe ndipo nitembee. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyekuja kunipokea baadaye, mwanamke wa Arua asiye na mchezo, aliugeuza mpango wote. Tuliza maumivu kiasi cha kuweza kusogea. Sogea kidogo, misuli irudi. Chakula kinafuata, na kilo zitashuka zikitaka. Aliligusa goti langu kwanza, dakika kumi. Nilitokwa na machozi, na sababu haikuwa goti.

Zoezi lake la kwanza ndilo lile nililowatesa nalo leo. Kuinuka kwenye kiti. Mwanzo nilishika meza, mara tano, asubuhi na jioni. Kiti kikiwa kirefu ni rahisi zaidi, wekeni mto. Wazee mnaoswali kwenye kiti msikitini siku hizi, mnacho kifaa tayari. Kutembea, dakika kumi, mara mbili tatu kwa siku. Kipimo alichonipa ni hiki: maumivu yakipanda kidogo ukitembea, sawa. Kesho asubuhi yakiwa yamerudi mahali pake, umetembea vizuri. Yakiwa bado yako juu, jana ulizidisha, punguza. Na siku goti likikaa kimya usiende kulima ekari nzima kwa furaha, halafu ulale siku tatu. Hakuna kuruta anayepigishwa kilomita arobaini siku ya kwanza. Mnakumbuka April 2020 Rais, akiwa na miaka 75, alipoonyesha pushapu 30 ofisini kwake wakati wa lokdauni? Nyumba nyingi zilijaribu siku ile. Nilikanda mabega ya watu wawili. Anzeni na ukuta.

Mwenye fimbo, ishike mkono ulio upande wa pili wa goti bovu. Goti la kulia bovu, fimbo kushoto. Afande mwenyekiti, nimekuangalia tangu ulipoingia. Badilisha mkono.

Chakula sitawachosha nacho. Sikuacha posho, nimelelewa na posho. Nilikata kipande nusu, nikaacha maharage yalivyo, na pale palipobaki wazi kwenye sahani nikajaza mboga za majani, dodo na nakati. Matooke vivyo hivyo. Mafuta ya kupikia niliacha kuyamimina kutoka kwenye kibuyu, nayapima kwa kijiko, kwa sababu kijiko kimoja kikubwa kina nguvu kama za kipande kizuri cha posho na hakishibishi mtu. Sukari kwenye chai niliishusha kijiko kimoja kila mwezi, ulimi haukugundua. Rolex nakula Ijumaa. Mchuzi wa karanga nao, mama zangu, ni mtamu lakini ni mafuta. Basi.

Na lengo si kuwa kama binti wa matangazo. Mwenye kilo 90 akipunguza asilimia tano ni kilo nne na nusu tu, na wengi huanza kuona tofauti kuanzia hapo. Utafiti wa Marekani wa 2013 uliwafuata watu 454 wenye magoti yaliyolika kwa miezi 18. Waliochanganya chakula na mazoezi walipungua kama asilimia 11, na maumivu yao yakashuka karibu nusu. Nusu, sikusema yaliisha. Langu halijaisha. Linaniuma mvua ikikaribia na linaniuma nikisimama harusini, lakini nalala. Zipo pia sindano mpya za kupunguza uzito, za semaglutaidi, mnazozisikia. Mwaka 2024 zilitolewa habari za watu 407, waliozipata walipungua karibu asilimia 14 na magoti yao yakatulia kuliko ya wenzao waliopewa sindano tupu. Ni dawa ya kweli. Bei yake na pensheni yetu hazijatambulishana.

Nimezidisha dakika, naona afande anaangalia saa. Tumalizie kazi.

Pale kando ya meza ya chai kuna pazia la maua. Nyuma yake nimeweka mizani, kipimo cha presha na cha sukari. Anaingia mmoja mmoja. Namba zako zinaandikwa kwenye kidaftari chako, unaondoka nacho, mimi sibaki na nakala. Hakuna atakayezisoma kwa sauti, na atakayechungulia nitamdunga sindano. Mwenye maumivu atanionyesha yalipo na nitaligusa kila goti litakaloletwa, hata kama tutakaa mpaka magharibi. Wale wenye dalili nilizozitaja waje kwanza, wasipange foleni.

Mimi nimejipima asubuhi, kilo 91, na viatu. Afande mwenyekiti, uliahidi kuwa wa kwanza. Fimbo iache nje, ina uzito wake.